Kura ya Mwisho na Pakiti ya Chai

Siku zile kwetu Ontario kura ilipigwa kwa mdomo. Ulipanda jukwaani ukataja jina, na wagombea wenyewe wamesimama pale wanakutazama.

Nilikuwa mtu wa mwisho kupiga kura. Thaddeus Crombie, mwenye duka hapa mjini kwetu Duncairn, alitaka kurudi kwenye baraza la jimbo, lakini safari hii wakili Lorimer alikuwa amemkaba koo. Karani akatangaza kura zimelingana.

"Enos, fundi wangu wa magurudumu!" Crombie akaninyoshea mkono. "Njoo umalize kazi."

Nilipanda jukwaani, lakini sikuushika. Nilimtazama Jerusha, mke wangu, amesimama peke yake kwenye theluji. Wanawake wenzake walikuwa wamejikusanya mbali naye. Walimtenga tangu Crombie aseme dukani, watu wamejaa, kwamba Jerusha kaiba pakiti ya chai.

"Sema, bwana! Ulimi umeganda?" mtu akapiga kelele. Wakacheka.

"Nina swali kwanza," nikasema. "Crombie, mke wangu aliiba?"

Crombie akanisogelea.

"Hapa si mahali pake, Enos."

"Ulimwita mwizi mbele za watu. Watu ndio hawa."

"Taja jina au shuka," karani akafoka.

Crombie alitokwa na jasho na baridi yote ile. Akisema kaiba, kura yangu imekwenda. Akisema hakuiba, msingiziaji ni yeye.

"Hakuiba," akanong'ona.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Hakuiba! Tulisogeza pipa, tukaikuta nyuma yake."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Mwaka jana! Na kila Jumapili anatuvulia kofia kanisani.

"Haya, nimesema kweli," akasema. "Sasa nitaje, ndugu yangu."

"Lorimer," nikasema.

Watu wa Lorimer wakarusha kofia juu. Crombie akanishika koti.

"Si nimesema kweli, Enos?"

"Umeisema ulipotaka kura. Mwaka mzima ulikuwa hutaki kitu."

Jumamosi Jerusha alikwenda dukani kwa Crombie, mara ya kwanza tangu siku aliyoitwa mwizi. Duka limejaa, na Crombie mwenyewe yuko nyuma ya meza.

"Chai," Jerusha akasema. "Unifungie hapa hapa, hawa wakiona."

Akaifunga. Kamba ilimponyoka mara mbili, na hakuna aliyemsaidia.