Prosesa Mpya, Kitambaa Kipya

Yeremia Malimi hakuwa na kiyoyozi. Hakuwa na kibao cha dukani kilichochorwa na mchoraji wa maana. Chake alikichora mwenyewe, na herufi za mwisho zilibanana kama watu waliochelewa misa. Hakuwa na msichana wa kupokea wateja, wala kiti cha kuzunguka, wala mashine ya fotokopi, wala simu. Hakuwa na cheti chochote isipokuwa kile cha masomo ya jioni, alichokipata akiwa tayari ana watoto na mvi za kwanza. Na kuliko vyote hivyo, hakuwa na Pentium, kompyuta ya kisasa kuliko zote wakati huo.

Kahigwa alikuwa nayo. Kahigwa alikuwa navyo vyote, tena alikuwa navyo papo hapo ng'ambo ya barabara, karibu na soko la Kirumba, ili kila Yeremia anapoinua macho kutoka kwenye kibodi avione.

Miaka ile ya tisini kila mtu Mwanza alikuwa akifungua kitu. Aliyepunguzwa kazini alifungua genge, aliyestaafu alifungua duka la dawa. Yeremia alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipouzwa alitoka na barua ya shukrani na ujuzi wa kupiga taipu bila kutazama vidole. Akapanga chumba, akaanza na taipureta, kisha akanunua kompyuta kuukuu kwa Mzungu mmoja mtafuta madini aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa 486, kizazi cha kabla ya Pentium, na ilikuwa ya kwanza mtaani. Watu walikuja kuishangaa. Kwa muda mfupi Yeremia alijiona mtu.

Ndipo akaja Kahigwa, mtu wa Kamachumu, ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akifanya kazi benki. Alikuwa na miaka kama arobaini, shati limepigwa pasi hadi mikononi. Kosa lake kubwa lilikuwa adabu.

"Shikamoo mzee!" alipaza sauti kila asubuhi akifungua kufuli.

"Marahaba," Yeremia alijibu, wivu ukimchoma. Angekuwa na kiburi angalau mtu angepata pa kumshika.

Sasa, kazi iliyomweka Yeremia mjini ilikuwa moja: mitihani ya majaribio ya sekondari. Kila mwaka walimu wa shule za Ilemela walimletea maswali yao, naye akayapiga taipu. Walimu wenye digrii walikaa kwenye benchi lake wakimsubiri yeye, mtu wa masomo ya jioni, na mara nyingine aliwauliza, kwa upole uliojaa raha, kama kweli walikusudia kuweka mkato pale. Raha hiyo hakuwa ameipata kiwandani hata siku moja.

Mwaka wa tisini na nane Mwalimu Teodora, katibu wa kamati ya mitihani, alisimama mlangoni bila kukaa. Hiyo peke yake ilikuwa habari mbaya.

"Mzee, mwaka huu kamati inataka maombi kwa maandishi. Wewe na Bwana Kahigwa. Na kila mmoja aambatanishe ukurasa mmoja wa mtihani wenye michoro na majedwali, tuone kazi. Mwisho ni Ijumaa, wiki tatu kutoka sasa, kwa posta."

"Mimi na nani?"

"Usinune, mzee wangu. Mwaka jana jedwali moja la jiografia lilichukua asubuhi nzima. Mimi mwenyewe nilisinzia hapo kwenye benchi, nikaota nimestaafu."

Alipoondoka, Yeremia alimwandikia mwanawe Mihayo, fundi wa kompyuta Dar es Salaam. Majibu yalikuja kwa treni, ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa sponji: prosesa mpya, ubongo wa kompyuta, kipande kama biskuti, na kifeni kidogo kimebandikwa mgongoni. Mihayo alieleza kuwa ingekaa kwenye bodi ile ile na kuifanya 486 itembee karibu na Pentium. "Tafuta fundi akufungie, baba," aliandika.

"Fundi!" Yeremia alimwambia mkewe. "Ananiona mimi nani?"

Mkewe, Ng'washi, ambaye kwa heshima ya kifungua mimba wao aliitwa Mama Mihayo, aliendelea na kazi yake. Alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa duka, sindano ya kufumia mkononi.

Yeremia alifungua mashine mwenyewe, kijitabu cha Kiingereza upande mmoja na kamusi upande mwingine. Aliinua kijiti cha chuma kilichoshika prosesa ya zamani, akaitoa kama anang'oa jino la mtoto, akaweka mpya, akawasha. Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi.

"Imekufa?" Ng'washi aliuliza.

"Nyamaza kwanza, Mama Mihayo."

Alirudia kijitabu. Kumbe kijiti hakikuwa kimeshuka mpaka mwisho, na kuna kijifuniko cha plastiki cha kuhamisha kwenye pini ili bodi ijue imepata mgeni. Akahamisha, akakandamiza, akawasha tena. Kioo kikaangaza, na jedwali lile lile la jiografia likafunguka kabla hajamaliza kukohoa. Yeremia alifungua mlango wazi wote, kiyoyozi cha Kahigwa kijue.

Ng'washi naye hakukubali kupitwa. Kila kitu cha thamani nyumbani mwake kilivaa: redio ilivaa, makochi yalivaa, na kompyuta ilikuwa na kitambaa cheupe juu ya kasha, chini ya kioo, cha kuzuia vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaoingia mjini kama moshi. Sasa alifuma kingine, kizito, chenye maua na matamvua marefu pande zote.

"Prosesa mpya, kitambaa kipya," alisema, akakitandaza hadi kikafunika mbavu za mashine. Yeremia akarudisha kioo juu yake. Ilipendeza kama bibi harusi.

Akaketi kuandika maombi. Alieleza uzoefu wake, akaeleza uaminifu wake. Kisha, kwa kuwa Kahigwa alikuwa amepita akimpungia mkono, akaanza sentensi nyingine: *Naona ni wajibu wangu kuitahadharisha kamati kwamba msichana wa mapokezi wa Bw. Kahigwa ana ndugu anayesoma kidato cha nne, hivyo maswali yanaweza...*

Mashine ikaganda. Mshale haukusogea, kibodi haikujibu. Ikabidi azime na kuwasha, na barua yote ikawa imepotea, kwa kuwa mtu wa taipureta hakuwa na mazoea ya kuhifadhi kitu kabla hakijaisha.

Akaanza upya. Uzoefu, uaminifu, msichana wa Kahigwa. Ikaganda.

Siku iliyofuata alilaumu umeme, akaazima stabilaiza ya kutuliza umeme kanisani. Akaanza upya, ikaganda pale pale. Akalaumu kumbukumbu, vile vibao vidogo ndani ya mashine, akavichomoa, akavisugua meno kwa kifutio cha penseli. Ng'washi akavua kitambaa, akasubiri, akakivisha tena. Ikaganda pale pale.

"Umefikia wapi safari hii?" Ng'washi aliuliza.

"Kwa msichana."

"Labda mashine haipendi umbeya."

"Mashine haina kupenda wala kutopenda! Ni umeme na bati."

Lakini jioni ile, akirudi nyumbani Kiseke kwa miguu, wazo hilo lilimfuata. Kichwani alimwona Kahigwa kila mahali. Mashine ya Kahigwa haigandi. Anatumia nini? Amemwona mganga gani? Mihayo mwenyewe, je, asije akawa amemuuzia Kahigwa prosesa nzima, baba yake akatumiwa mbovu? Alifikiri hivyo kweli, juu ya mwanawe wa kumzaa, na hakuona aibu mpaka alipofika mlangoni.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mwisho wa maombi, alivuka barabara. Alisema amekuja kuazima pini za stepla.

"Karibu mzee wangu, kaa, kaa kwenye kiti hiki kinachozunguka." Kahigwa aliinuka yeye. "Nasikia umeifanyia mashine upasuaji kwa mkono wako mwenyewe. Mimi hata balbu naita fundi."

Yeremia hakukaa. Alikuwa akiikagua Pentium, na jambo moja likamfurahisha hata akashindwa kulificha.

"Mbona mashine yako iko uchi?"

Kahigwa alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Nani anifumie, mzee? Mke wangu Kokuberwa yuko Kamachumu na migomba yake. Kila mwaka anasema atahamia Mwanza, kila mwaka migomba inamshinda. Nikifunga duka natazama kwako, naona kile kitambaa cheupe, na mama yuko mlangoni anakusubiri mrudi pamoja." Alijipangusa uso. "Nikwambie kweli? Nakuonea wivu mpaka nakosa hamu ya kula."

Yeremia aligeuka akatazama kibao chake ng'ambo. Alikuwa amemtazama mtu huyu mwaka mzima kupitia barabara. Haikuwahi kumpitikia kwamba barabara inatazamwa kutoka pande zote mbili. Akaegemeza mkono ubavuni mwa Pentium.

Upepo wa moto ukampiga kiganjani. Ulitoka kwenye vitundu vya kasha, mfululizo, kama pumzi ya ng'ombe aliyetoka kulima.

Akautoa mkono. Akautazama. Akasahau pini, akavuka barabara karibu agongwe na baiskeli, akanyanyua kioo cha kompyuta yake na kuvuta kile kitambaa cha maua. Chini yake bati lilikuwa la moto wa kuunguza.

"Baba Mihayo! Umepatwa na nini?"

"Tumeifunga pua, Mama Mihayo! Ya zamani ilikuwa ya ubaridi, hii mpya inahema! Sisi tumeivika blanketi."

Ng'washi aliangalia kazi yake ya mikono na mdomo ukamshuka kidogo. "Basi si mimi. Wewe ndiye msomi wa kijitabu."

Aliiacha ipoe huku akimsimulia mkewe aliyosema Kahigwa, kisha akaketi. Uzoefu. Uaminifu. Msichana wa Kahigwa, ndugu yake, kidato cha nne, maswali yanaweza kuvuja. Nukta. Mashine haikuganda. Sentensi ilikaa pale kiooni, nzima, kwa mara ya kwanza, ikimtazama. Hapakuwa na kitu tena cha kuizuia isipokuwa yeye.

"Na hiki kitambaa je?" Ng'washi aliuliza. "Si ulisema Kahigwa anakitamani? Kampe, kisioze bure."

Yeremia aliitazama Pentium ng'ambo ya barabara, ambayo nayo ilikuwa ya kuhema. Alikichukua, akakikunja vizuri, akavuka barabara mara ya pili.

Kahigwa alikipokea kwa mikono miwili na kupiga goti nusu. "Mama amenifumia mimi?" Papo hapo akakitandaza juu ya Pentium, akavuta matamvua yakaning'inia mpaka chini. Kiooni, ukurasa wake wa mtihani ulikuwa umefika katikati. "Sasa na mimi nina kwangu."

"Kimekukaa," Yeremia alisema, akatoka.

Alirudi, akasimama mlangoni kwake. Alikuwa hajasema uongo. Hakuwa amemwambia mtu aweke kitambaa popote. Kahigwa ana benki nzima kichwani, mbona hajui mambo ya hewa? Aliyajibu maswali yote hayo vizuri, na ng'ambo ya barabara Kahigwa aliendelea kuandika, kila baada ya muda akikipapasa kile kitambaa kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto.

Hiyo ndiyo iliyomshinda.

"Kahigwa!" alipaza sauti, hata wauza dagaa wakageuka. "Kitoe hapo! Kiweke mezani! Kinaziba pumzi ya mashine, itaganda!"

Kahigwa alitokeza kichwa. "Kumbe ndiyo ugonjwa wa ile ya kwako?"

"Ndiyo huo! Sasa unataka nikuchoree na picha? Kitoe!"

"Asante, mzee wangu!"

"Asante peleka kwa mama," Yeremia alinguruma, akarudi ndani. Aliketi mbele ya sentensi yake akaifuta, herufi moja baada ya nyingine kutoka nukta kurudi nyuma, mpaka uaminifu ukafuatwa na *Wako mtiifu* peke yake. Akachapa. Jedwali lilitoka limenyooka.

Ijumaa walikwenda posta pamoja, kwa kuwa Kahigwa alimsubiri nje na hapakuwa na namna ya kumkwepa. Anwani ya Kahigwa ilikuwa imechapwa juu ya bahasha kwa wino mweusi wa leza, safi kama ya serikali. Ya Yeremia ilikuwa ya mkono. Wivu ule ule wa zamani ukamchoma tena.

"Tangulia, mzee," Kahigwa alisema, akisogea pembeni.

Hata hapa, adabu. Yeremia alilamba gundi, akaibana bahasha kwa ngumi ukutani, akaipitisha mdomoni mwa sanduku. Aliishikilia kidogo kwa ncha za vidole, kisha akaiachia, akaisikiliza ikidondoka.