Siku Bomba Lilipokauka

Mtaani walimwita Bi Tone, na mwenyewe hakununa. Mtu ambaye kila asubuhi anachuchumaa chini ya bwawa la maji ya kunywa, anakinga kwa glasi ya chai maji yanayotoka kwenye bomba, kisha anaiinua glasi juani na kuikodolea jicho moja, utamwita nini tena?

Bwawa lenyewe lilikuwa tuta la udongo lililozuia ziwa, na lilikuwa limezeeka. Lilivimba hapa, likabonyea pale, na lilivuja. Kuvuja peke yake hakukuwa balaa. Bwawa la udongo lazima litoe jasho, na waliolijenga walilitegea bomba miguuni ili jasho hilo litoke kwa adabu. Balaa ni maji kuzidi, au kuja na rangi ya udongo, maana hapo bwawa linaliwa kutoka ndani. Idara ya maji ilimwajiri Bi Tone atazame mambo hayo mawili tu na kumpigia simu mhandisi.

Dada yake mkubwa aliishi chini ya bwawa hilo hilo, kwenye mtaa uliobanana kando ya mkondo, yeye na mjukuu wake wa kike. Nyumba aliijenga baada ya kufiwa na mumewe, na ukimtembelea hutoki bila kuonyeshwa dirisha la jikoni kana kwamba hujawahi kuona dirisha. Bi Tone alimpenda dada huyu kupita kiasi. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Magoti yalipoanza kumsumbua Bi Tone, ni dada aliyeshuka naye bombani asubuhi na kumshikia glasi. Bi Tone naye alimfumia sweta la buluu, na kwa kuwa kufuma hakujui, mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake. Dada alilivaa hivyo hivyo mbele za watu. Alisema mkono mrefu ni wa kumvuta mdogo wake masikio.

Kisha maji ya bomba yakaanza kuongezeka. Mhandisi aliitisha mkutano akasema bila kuzungusha: yakiendelea hivi, wakazi wa chini watahamishwa na nyumba zitabomolewa. Kesho yake dada alisimama bombani, glasi mkononi.

"Na yakikauka kabisa je?" aliuliza.

"Likikauka hili, dada, mimi nitacheza ngoma hapa hapa, magoti yangu mabovu na yote!"

Walicheka. Bi Tone alikuwa anatania tu, na kosa lake kubwa ni kudhani mwenzake analijua hilo.

Haukupita muda binti yake akajifungua katika mji mwingine. Bi Tone alipaswa kumwomba mhandisi mtu wa kushika zamu. Hakumwomba. Alimwachia dada glasi, akaondoka kwa roho safi. Na kila jioni dada alipiga simu. "Yanapungua, mdogo wangu. Leo tena yamepungua. We lea mjukuu."

Aliporudi, amembebea mjukuu wa dada mwanasesere, alimkuta dada stendi akimsubiri. Akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja hadi bombani. Bomba lilikuwa kavu. Bi Tone aliingiza kidole kwenye mdomo wa bomba, kikatoka na vumbi. Hakuamini macho yake, kisha akaamini kwa sababu alitaka kuamini, akamkumbatia dada akalia. Akacheza kweli, hatua chache za kuchechemea, na dada akampigia makofi.

Jioni walimwandalia karamu. Mtaa mzima ulikuja, kuku watatu wakaaga dunia, na jirani fundi seremala akasimama kumsifu Bi Tone kwamba ndiye aliyeliombea bwawa likapona. Wakapiga vigelegele. Bi Tone aliinamisha kichwa kwa haya, mwanamke mzima amevishwa kilemba cha ukoka na anakiona taji. Alimuulizia mtoto ampe mwanasesere wake.

"Yupo kwa shangazi yake kule mlimani," alisema dada. "Likizo. Wewe lala kwenye kitanda chake, umechoka."

Akalala humo, miguu ikining'inia nje.

Asubuhi alimpigia mhandisi, sauti imejaa furaha. Mhandisi aliuliza jambo moja tu.

"Ziwa limepungua?"

"Sijapanda kuangalia."

"Panda, mama. Kama ziwa limejaa na bomba limekauka, hayo maji yamekwenda wapi?"

Alipanda tuta akihema, glasi mkononi. Ziwa lilikuwa limejaa pomoni. Alianza kuteremka upande wa pili, na katikati ya mteremko, moja kwa moja juu ya bomba, mahali ambapo siku zote palikuwa pakavu, kiatu chake kikadidimia. Majani yalikuwa yameloa na udongo ukitetemeka chini ya unyayo. Maji yalikuwa yamefungiwa njia, nayo yalikuwa yanajitafutia nyingine.

Alishuka mbio, magoti yaume yasiume. Akalala kifudifudi mbele ya bomba na kusukuma mkono ndani hadi bega. Vidole vikagusa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Akauchimba kwa kucha. Nyuma yake kulikuwa na kitu laini, akakivuta, nacho kikaja, kikaendelea kuja, mkono mrefu wa sufu ya buluu usiokwisha. Hakuhitaji kulikunjua sweta. Maji yakafuata, yakamrukia kifuani, na alipoyakinga kwenye glasi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Alimweleza mhandisi kila kitu kwa simu. "Watoe watu wote sasa hivi," mhandisi alisema. "Mimi naja kufungua valvu tushushe ziwa."

Bi Tone aliingia mtaani akigonga kila mlango na kupiga kelele watu wapande juu. Wengine hawakuweza kumtazama, akajua hao ndio walioshindilia bomba. Mlango wa dada aliuacha wa mwisho. Aliingia jikoni, akalitupa sweta mezani. Tope likachuruzika hadi sakafuni.

Dada hakujifanya hajui. "Ni wewe uliyesema likikauka utacheza ngoma."

"Nilitania!"

"Mimi nilikuwa sina utani. Wakibomoa hapa nitakwenda wapi uzeeni? Wenzangu walileta magunia na udongo, mimi nikaleta nililokuwa nalo. Kitu kikivuja si kinazibwa?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ukanidanganya kila jioni. Mkanifanyia na karamu, mtaa mzima mkinichezea shere!"

"Nilitaka ufurahi, mdogo wangu. Wallahi."

Kutojua Bi Tone angeweza kumsamehe. Watu wangapi wanajua kwamba bwawa likizibwa jasho linapasuka? Alikwisha fungua mdomo amwambie akusanye vitu vyake waende. Hapo kundi la watoto likapita mbio mbele ya lile dirisha maarufu, mama zao wakiwasukuma kuelekea mlimani, na wote walikuwa wamevaa sare za shule, mikoba mgongoni.

Aliwatazama hadi wakapotea.

"Shule hazijafungwa, dada," alisema polepole. "Mjukuu wako umempeleka mlimani kwa nini?"

Dada aliokota kitambaa akaanza kufuta tope mezani.

"Nakuuliza."

"Sikuwa na hakika," dada alisema. "Nilisema tu, ikitokea..."

"Uliogopa. Ukamtoa wako, watoto wa wenzako ukawaacha. Na mimi ukanilaza kwenye kitanda chake."

Dada aliendelea kufuta mahali palipokwisha takata. Bi Tone alimshika mkono, si kwa mapenzi, akamtoa nje na kumkabidhi kwa fundi seremala ampandishe mlimani.

Bwawa halikupasuka. Mhandisi alifungua valvu, na ziwa likaanza kushuka taratibu, huku mtaa ukibaki mtupu, milango wazi, masufuria ya karamu bado nje yakingoja kuoshwa. Mhandisi hakumgombeza Bi Tone kwa habari ya zamu. Alimwomba tu aendelee kukinga maji mara kwa mara na kumwambia rangi yake, na hilo lilimuumiza kuliko kugombezwa.

Alasiri alikuwa amechuchumaa pale bombani aliposikia hatua za ndara anazozijua tangu utoto. Dada alikuwa ameshuka kutoka mlimani peke yake. Alisimama mahali pake pa kila siku, upande wa kushoto, akanyoosha mkono kupokea glasi.

Bi Tone aliutazama mkono ule. Kisha akaiweka glasi juu ya zege, akajiinua mwenyewe huku magoti yakilia.

"Rudi juu, dada," alisema. "Hapa si salama."