Pini Ishirini

Baba ni fundi wa redio, na tangu nianze kushika bisibisi ananiita "mtoto" mbele ya wateja. Nina miaka arobaini. Nikikosea waya mmoja tu, atasema, "Hivyo ni vidole vya kukandia udongo," na wateja watacheka. Nilimchukia. Sitaki kuremba.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, ugomvi wetu ulizidi, mpaka Mama akachoka na kukata shauri. Baba aunge kwa mikono yake mwenyewe kioo kimoja cha michoro, vile vioo vidogo vya umeme vinavyoonyesha maandishi na picha, vyenye pini ishirini mgongoni. Kikiandika, karakana inabaki yake. Kisipoandika, anipe funguo akapumzike.

"Ng'ombe hazeeki maini," Baba akasema.

Programu niliiweka mimi, maneno akachagua yeye: MZEE YUPO. Nyaya alizilehemu mwenyewe asubuhi nzima kwa kupapasa, huku ananiamuru nimsomee karatasi ya maelezo ya kioo. Vioo vingine pini ya kwanza ni hasi, vingine ni chanya, na ukizigeuza umekiunguza kioo. Nilimsomea sawasawa. Nilijua atakosea mwenyewe, bila mimi kumdanganya.

Hakukosea. Alipowasha umeme, maandishi yalitokea meusi, yamenyooka, mazuri kuliko yoyote niliyowahi kuyatoa mimi.

Baba akakiinamia kioo. Mwanga aliuona, herufi hakuziona.

"Kimeandika?"

Mama alikuwa hajarudi kutoka sokoni.

"Taa tu, Baba. Maandishi hakuna."

"Yatakuwa hayajakolea." Akapapasa bisibisi, akaitia kwenye kiskrubu cha kukoleza maandishi, akazungusha. "Sasa?"

"Bado."

Akazungusha tena. Herufi zikaanza kufifia, nami nikaziangalia zinavyokwenda.

"Sasa?"

"Bado, Baba."

Alizungusha mpaka kioo kikabaki kitupu. Mama akaingia na kikapu chake, akachungulia.

"Mbona hakuna kitu? Pole, baba watoto."

Yeye hakusema uongo.

Baba akatoa funguo mfukoni bila ubishi. Akaniwekea kiganjani. Mimi nilikwenda nyuma ya kabati la vipuri, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Kesho yake alikuja akasimama mlangoni kama mteja. Ndani kulikuwa na watu wawili walioleta redio zao.

"Fundi," akaniita. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Nadhani pini nilizihesabu vibaya. Hebu nielekeze."

Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwekea kioo mapajani, nikakishika kidole chake.

"Moja," nikasema.

"Moja," akasema.

Tulifika ishirini. Hakuruka hata moja. Wale wateja wawili walikuwa wakitutazama muda wote.

"Umekosea," nikamwambia. "Anza tena, mtoto."

Wakacheka.