Weupe Aliouacha Respicius

Jumamosi hiyo Honorata alichambua maharage, akayaloweka, akavaa gauni lake la kitenge la kwendea kanisani, ndipo akamwambia binti yake Violet kwamba yuko tayari kwenda kuwaona wanawake uchi. Wakapanda basi pale Oxon Hill, kisha treni, mpaka mjini Washington.

Maonyesho yalihusu historia ya katuni za kikubwa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Wajapani wa kale na michoro yao ya kuchapwa kwa mbao. Vikafuata vijitabu vya Kimarekani vilivyouzwa kwa kificho, halafu Wafaransa, ambao hawakuficha kitu. Chumba cha mwisho kilikuwa cha magazeti ya Dar es Salaam, na mlangoni liliandikwa kwa herufi kubwa jina la marehemu mumewe, Respicius.

Respicius alikuwa fundi wa kuchora wanaume, baa, vitanda na Peugeot. Wanawake walimshinda, kila alipowajaribu walitoka kama makabati yaliyovishwa sketi. Kwa hiyo mahali pa mwanamke aliacha weupe, akaweka ukurasa mezani jikoni, na Honorata akaujaza huku maharage yakichemka. Viuno aliviazima kwa wanakwaya wenzake, walipopita mbele yake kwenda kutoa sadaka. Mke wa katekista alitoka gazetini miaka na miaka, wala hakujua.

Jina lililochapwa lilikuwa moja tu, maana mama wa kwaya angeanzaje kuandikwa kwenye gazeti la namna ile? Sasa Respicius yuko kaburini na kwaya iko ng'ambo ya bahari. Honorata alitaka jina lake liwekwe pale ukutani, alione kwa macho yake kabla hajafa. Hakutaka kingine.

Mlinzi wa chumba, Mkenya aitwaye Mutai, aliwafungulia mlango.

"Karibu mathe. Hawa wasupa wa ukutani wamekuwa wakicheki mlango since morning."

Honorata akaingia. Ukutani shingo zote zikageuka. Wanawake wakajitoa mikononi mwa wanaume wao, wakaokota khanga zilizodondoka kando ya vitanda, wakajifunga vizuri, wakashuka. Walikuwa wa wino mtupu, warefu kama watu. Wakapiga magoti, kama mabinti wa Kihaya wanavyomwamkia mama, wakasema shikamoo kwa pamoja. Wino ukabaki sakafuni walipopiga magoti.

"Marahaba," alisema Honorata. Hakuwa amejua kwamba aliwachora wazuri hivyo. Kule jikoni taa ilikuwa hafifu na ukurasa ulitakiwa asubuhi. Sasa aliona kila unyayo, kila mkunjo wa kiuno, na mkono uliovifanya vyote ulikuwa huu wake, wenye harufu ya vitunguu. Akasimama kama mtu aliyeingia kanisa kuu kwa mara ya kwanza, asijue aanze kutazama wapi.

Violet alisogea taratibu. Shuleni walimtania sana kwa ajili ya michoro hii.

"Mama, hawa wote ni wewe?"

"Wanaume ni baba yako."

Violet akakaa chini, hapohapo kwenye wino, akamtazama mama yake kana kwamba ndiye aliyeshuka ukutani.

Mwandaaji wa maonyesho, Dakta Dunstan, Mtanzania mwenye adabu zake, alikuja na kuamkia. Honorata akamweleza shida yake, akamaliza kwa kusema, "Basi mwanangu, niandike na mimi."

"Mama, nakuelewa kabisa. Lakini captions zimeshaprintiwa, na kitabu kiko press. Halafu kusema kweli, hatuna evidence." Alisema hivyo huku akisogea kando, asimkanyage kidole mmoja wa wale wanawake wa wino.

Wanawake walisikia. Wakainuka, wakajikung'uta, wakamfuata Honorata mpaka kwenye treni, kisha kwenye basi, ambako dereva aliwasihi washike vyuma. Tangu siku hiyo wanaishi kwa Violet. Wanamenya ndizi, wanaimba sauti ya pili, na sofa imeingia madoa yasiyotoka.

Baada ya wiki chache Dakta Dunstan alipiga simu kwa furaha. Watu walikuwa wakipanga foleni. Honorata akarudi kuona kulikoni.

Ukutani wanaume walikuwa bado wamekumbatia weupe. Watazamaji walisimama mbele yao, wengine wakifuta machozi. Violet alimsomea mama yake kibandiko kipya: Respicius, gwiji wa nafasi tupu, msanii aliyethubutu kutomchora mwanamke.

Honorata akazitazama kurasa moja moja. Zilikuwa vilevile kama siku alizokabidhiwa.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Hapo kachora yeye mwenyewe."

Kisha akafungua mkoba, akatoa kalamu, akausogelea ukuta, na Mutai akamwomba radhi, akamwambia hairuhusiwi.