Pini za Kiti cha Nyuma

Mimi ni fundi wa ndege hapa Nebraska, na watu husema nashuku hata kivuli changu. Wacha waseme. Shemeji yangu Orval alipoagiza kutoka Ulaya jeti kuukuu ya mafunzo ya kijeshi, niliingiwa na wasiwasi tangu kontena lilipofunguliwa. Wenzake walimpongeza eti kwa kuwa ilitengenezwa kwa Wacheki, walikotoka babu zetu. Kana kwamba chuma nacho kina ukoo.

Kilichoninyima usingizi ni viti. Vina baruti chini yake. Ukivuta mpini ulio kati ya mapaja, unarushwa nje ya ndege. Muuzaji aliapa kwamba baruti ilishatolewa. Mimi sikuiona ikitolewa.

"Shemeji Vlasta, wewe hata andazi unalinusa kwanza," Orval alinitania.

"Ndiyo maana siumwi tumbo."

Ndege ya aina hii husajiliwa kama ya majaribio, kwa maonyesho tu. Haibebi abiria wa kulipa, na lazima umweleze mkaguzi wa serikali utaionyesha wapi. Orval alitaka kumpelekea picha za kupendeza. Jumamosi akampandisha mkewe, mdogo wangu Ludmila, kiti cha nyuma, huku marafiki zake wakitazama na vikombe vya kahawa mkononi. Ludmila hajawahi kumshuku mtu maishani.

"Shika mpini hapo katikati," Orval alimwambia. "Tabasamu, mpenzi."

Kisha akanitupia zawadi, kibebea funguo chenye utepe mwekundu ulioandikwa "Ondoa kabla ya kuruka". Marubani wetu wanavipenda, na madukani vimejaa. Lakini vya dukani ni kitambaa kitupu. Hiki kilikuwa na pini nene ya chuma, yenye grisi ya zamani.

"Umekitoa wapi?"

"Vilichomekwa kwenye viti. Nimewagawia jamaa wote."

Pini hizo ndizo zinazouzuia mpini usivutike.

Nilipanda ngazi taratibu. "Ludmila, achia mpini. Usiuvute, uachie tu. Weka mikono kichwani."

"Kuna nini, dada?"

"Fanya ninavyokwambia."

Alifanya. Nilipapasa tundu la pini kwenye mpini, nikaichomeka, nikamshusha.

"Jamani, si muuzaji alisema imetolewa?" Orval alicheka.

Jumanne fundi wa viti vya kurusha marubani alikuja akakifungua kile cha nyuma. Baruti ilikuwamo, nzima.

Jioni hiyo Orval alilia jikoni kwao, nami nikiwapo. "Sikujua, Ludmila. Nilimwamini yule mtu."

Ludmila aliendelea kufuta meza. Alipomaliza akaketi mbele yake.

"Tangu ndege ifike, wewe umewahi kukaa kwenye viti vile?"

Orval alinitazama mimi, si yeye.

"Bado," alisema.