Uzi wa Kepteni

Wenye nazo huenda dukani na mguu wa mtoto. Mama Chiriku alikwenda na uzi.

Kumpeleka mtoto sokoni ni nauli mbili badala ya moja, hilo la kwanza. La pili, muuza viatu akishaona mtoto amekikumbatia kiatu, bei hupanda ngazi, na haishuki hata umpigie magoti. Kwa hiyo Ijumaa jioni, alipotoka kwenye karakana anakoshona sare za shule, alikuja na uzi mnene wa buluu, ule wa kushonea vifungo vya makoti. Akamsimamisha binti yake juu ya sakafu, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride.

"Mama, nikunje vidole?"

"Thubutu! Kiatu hakinunuliwi kwa mguu uliokunjwa."

Akaulaza uzi kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kikubwa, akaongeza upana wa kidole gumba chake mwenyewe, wa kukulia, akapiga fundo na kukata kwa meno.

"Nataka vya mkanda," Chiriku alisema. Jina hilo alipewa na baba yake, maana toka alipojua kusema hajawahi kupumzika. "Vya mkanda wenye kifungo pembeni. Tena vilie, ko, ko, ko."

"Vitalia ukitembea vizuri."

"Na visipolia?"

"Utalia wewe kwa niaba yao. Haya, kanawe miguu, umeniachia vumbi la mtaa mzima hapa."

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Chiriku darasa la kwanza. Karatasi ya shule ilisema mambo kumi na mawili, na mama mtu alikuwa amekwisha kuyamaliza kumi na moja. Sare aliishona mwenyewe kwa vipande vya mabaki. Madaftari baba yake aliyaleta moja moja, kila alipotoka lindoni asubuhi. Lilibaki la kumi na mbili: viatu vyeusi vya kufunika. Asiyekuwa navyo angerudishwa getini. Pesa iliyokuwamo ndani ilikuwa ya jozi moja, na ya mtumba. Hakukuwa na nyingine nyuma yake.

Aliuviringa uzi akautia kwenye mfuko mdogo wa zipu, ndani ya pochi yake. Alijua kwamba humo hautakuwa peke yake.

Uzi mwingine ulikuwa humo mwaka wa tatu sasa. Ulikuwa wa buluu vilevile, umetoka karakana ileile, una fundo vilevile. Ulikuwa wa Kepteni, kifungua mimba wake, aliyeitwa hivyo kwa sababu alijibandika kifuniko cha chupa kifuani na kuwaamrisha watoto wa majirani, hata waliomzidi kimo. Alimpima siku moja jioni kwa ajili ya viatu vya kuanzia shule. Kesho yake angeamka aende sokoni. Kesho yake Kepteni aliamka na homa. Wiki ile hakuimaliza.

Nguo zake na ndala zake shangazi alizifunga fungu moja akaondoka nazo, kwamba mama asizikodolee macho akajimaliza. Shangazi hakujua habari za uzi. Na nani angejua? Uzi ni uzi.

*

Jumamosi asubuhi muuza viatu alikuwa amekwisha kumwaga chungu yake juu ya turubai, anapiga kwi kwi kwa vichekesho vyake mwenyewe. Watu walimwita Profesa. Miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu, lakini alikuwa akikutazama mguu mara moja anakutajia namba. Mbele yake alisimamisha kipande cha boksi chenye maandishi ya chaki: UKISHANUNUA NI VYAKO.

"Eeeh! Mama Kepteni!" alipaza sauti. "Umenisusa? Nikadhani umepata duka la vioo!"

Yule mama akasimama palepale alipokuwa.

Jina hilo hakulisikia siku nyingi. Mtaani kwake, baada ya msiba, watu walilimeza kwanza. Wakawa wanamwita "mama" kavu kavu, au wanakohoa tu. Halafu mtu mmoja akasema "Mama Chiriku", na wote wakapita hapohapo, mmoja mmoja, kama watu wanaovuka mtaro kwa ubao mmoja. Yeye hakukataa. Angekataa vipi, nao walikuwa wanamhurumia? Lakini soko lilikuwa mbali, na habari ile haikufika huku.

"Kepteni hajambo?" Profesa aliuliza, huku anapangusa kiatu kwa mkono wa shati. "Bado anaamrisha watu? Siku ile moja uliyokuja naye aliniambia nipange viatu kwa mstari, nami mtu mzima nikapanga!"

"Hajambo," mdomo wake ulijibu kabla yake.

Neno likishatoka halirudi. Alitaka kulirudisha, akaona atasimama mbele ya watu wote hawa, wenye vikapu vyao na haraka zao, aanze kusema kitu ambacho hata nyumbani hakisemi. Akacheka kidogo.

"Leo nimekuja kwa ajili ya mdogo wake. Anaanza shule Jumatatu."

"Haya, lete uzi, nakujua wewe. Miguu unaiacha nyumbani."

Alifungua pochi, akafungua zipu. Macho hakuyapeleka humo. Akautoa uzi akampa.

Profesa aliuingiza kwenye kiatu hiki, akautoa, akauingiza kwenye kile. Alifukua chungu hadi turubai likaonekana. "Vya mkanda vya saizi hii vimekwisha jana. Nina hivi vya kamba. Tazama soli hiyo, utadhani havijakanyaga ardhi."

Alivitazama. Vilikuwa vyeusi, vizito kidogo, kamba zake mpya. Vilikuwa vizuri mno, na kwa sababu asizoweza kuzieleza alivishika kifuani kama mtu anayemkumbatia mtoto. Hakushindania bei. Profesa mwenyewe alishangaa, akampunguzia bila kuombwa.

*

Chiriku alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu. Aliona kamba, akafungua mdomo kulalamika, akaona uso wa mama yake, akaufunga. Hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Mguu uliingia nusu, ukagoma.

"Sukuma," mama alisema.

"Nasukuma."

"Sukuma kama mtu aliyekula."

"Mama, vinabana. Kidole kinaumia."

Alijaribu yeye mwenyewe. Alilegeza kamba zote, akaupaka mguu mafuta, akasukuma kisigino kwa kijiko. Kisigino kilibaki nje, chekundu. Machozi yakaanza kumlengalenga mtoto, lakini aliyazuia, kwa kuwa alishaambiwa kwamba viatu hivi ndivyo hivyo, hakuna vingine.

"Mbona nilipima?" mama alisema. "Nilipima jana tu, hapa hapa."

Akachukua pochi. Kwenye mfuko wa zipu uzi ulikuwapo. Alipoutoa, alikumbuka kwamba ule aliompa Profesa, aliporudishiwa, aliutia kwenye mfuko wa gauni. Akautoa nao. Akaketi sakafuni, akazilaza nyuzi zote mbili kwenye ubavu wa kigoda, mwanzo kwa mwanzo.

Uzi wa Chiriku ulikuwa mrefu zaidi. Ulizidi kwa upana wa kidole, na kidogo juu yake.

Alikaa pale. Nje mtu alikuwa anamwaga maji, mwingine anamwita mwanawe akale. Kwa miaka mitatu alipomwaza Kepteni, alimwaza akiwa mkubwa: kaka mtu, anayemshika mdogo wake mkono kuvuka barabara. Hakuwahi kufikiri kwamba huyu mdogo angekua, siku baada ya siku, bila mtu kuona, mpaka ampite. Na sasa amempita. Kaka amekuwa mdogo ndani ya nyumba hii.

Na viatu vyake vya shule mama amevinunua hatimaye. Amechelewa miaka mitatu tu.

"Mama," Chiriku alisema polepole, kwa sauti ambayo si yake. "Nitakunja vidole. Nikikunja vitaingia."

Hapo ndipo alipolia. Si sana. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga, akaviweka viatu ndani ya mfuko, akamwambia mtoto avae ndala.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mwenye viatu."

"Na mimi?"

"Na wewe. Leo tunakwenda na mguu."

Walikwenda kwa miguu, maana nauli ilikuwa imeishia asubuhi. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na kila alipoyapanga yalimporomoka.

*

Jua lilikuwa limeshainama, na Profesa alikuwa akikunja turubai. Alipoona mfuko mkononi mwa mteja wake, alinyoosha kidole kwenye kipande cha boksi, anacheka.

"Mama Kepteni, kusoma unajua. Nikianza kurudisha, nitakuwa si duka tena, nitakuwa benki."

"Vimembana."

"Uzi ulinipa wewe. Nilipima mbele yako."

"Uzi haukuwa wa huyu." Akamvuta Chiriku mbele. "Ulikuwa wa kaka yake."

Profesa akamtazama Chiriku mguuni, kisha usoni, kisha akatazama kimo hewani, pale ambapo mvulana wa miaka tisa angefikia. Alikuwa mtu wa namba. Aliona kwamba hesabu haikubali.

"Kepteni hayupo, Profesa," yule mama alisema. Alilisema waziwazi, na watu wawili waliokuwa wakichagua mikanda pembeni waligeuka. "Ni mwaka wa tatu huu. Asubuhi ulipomuulizia nilikudanganya. Sikukusudia. Nilisikia mtu anamtaja kana kwamba yupo, nikaona nimwache awepo kidogo."

Profesa alivua miwani. Aliipangusa, kile kioo kimoja na lile tundu lisilo na kioo, vyote viwili, kwa muda mrefu.

"Siku ile alinipigia saluti," alisema mwishowe.

Aliinama chini ya meza yake ndogo ya pembeni, akatoa boksi la viatu vyenye kasoro, vile ambavyo huviuza kwa wanaojua kushona. Akachakura mpaka akapata jozi ya mkanda, nyeusi, ngozi imechubuka puani. Cha kushoto kilikuwa hakina kifungo.

"Kanyaga hapa, binti."

Chiriku alikanyaga. Kisigino kikaingia. Mbele kikabaki kidole kimoja cha kukulia.

"Kifungo sina," Profesa alisema. "Na vina uzee kidogo. Ndivyo vilivyobaki vya mguu huu."

"Vifungo ndiyo kazi yangu," yule mama alisema, akaviweka vile vya kamba mezani.

Profesa alivichukua. Hakuvirudisha kwenye chungu. Alivipangusa, akavifunga kamba zake moja moja, akavisimamisha nyuma yake juu ya kreti, kwa mstari.

*

Jumapili mchana, mlangoni penye mwanga, alitafuta kifungo kwenye kopo, akapata cheusi kinachofaa. Uzi mnene ndani haukuwamo. Karakana ilikuwa imefungwa hadi kesho. Akaufungua mfuko wa zipu.

Aliushika ule mfupi. Mwanzoni alitaka kuutumia mrefu, akaunyoosha, akaurudisha. Huu mwingine ulikuwa na fundo lake tayari mwishoni, kama ulivyofungwa jioni ile. Akautunga kwenye sindano. Ngozi ilikuwa ngumu, ikabidi aisukume kwa kitako cha kijiko. Ulitosha kupita mara nne tu, lakini fundo lilishika.

Chiriku alikuwa amekaa karibu, kidevu juu ya magoti.

"Huo si uzi wa kaka?"

"Ndiyo."

"Sasa utampimia na nini?"

Mama alikata ncha iliyobaki, kipande kisichozidi ukucha. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya kiatu.

"Yeye hapimwi tena, mwanangu," alisema. "Yeye saizi yake naijua."

Jumatatu waliondoka mapema. Kiatu cha kulia kililia ko, cha kushoto kikalia kwa, maana soli zake zilikuwa zimelika mbalimbali, lakini Chiriku alisema kwamba huo ndio mlio aliokuwa akiutaka tangu mwanzo. Getini mwalimu wa zamu alisimama na daftari. Aliwatazama watoto miguuni kwanza, ndipo akawatazama usoni. Mbele yao mvulana mwenye ndala aliwekwa pembeni, yeye na bibi yake. Mama Chiriku akaushika mkono wa mtoto wake kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Mwalimu alitazama mkanda, akatazama kifungo na uzi wake wa buluu. Akatikisa kichwa kukubali.

"Pita, mtoto mzuri. Na wewe ni mama nani, niandike?"

Alitaka kusema lile lililozoeleka. Chiriku alikuwa amekwisha kuuachia mkono wake, yuko ndani ya geti, ko, kwa, ko, kwa, hageuki nyuma.

"Mama Kepteni," alisema.

Mwalimu akapekua orodha ya darasa la kwanza kutoka juu hadi chini. "Kepteni simwoni hapa."

"Hayumo," alisema. "Huyo aliyepita ni mdogo wake."