Nywele za Kisogoni

Kwetu mjane hanyolewi na mtu yeyote tu. Hunyolewa na dada wa marehemu, mbele ya watu, siku ya mwisho ya matanga. Mpaka mkono huo umpitie kichwani, hakuna anayemruhusu kurudi kuishi. Dada wa marehemu nilikuwa mimi. Kazi hiyo niliikataa, na niliikataa kwa sauti.

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, alikufa kwa malaria mwaka 1974. Msalabani tuliandika Mukuka, jina lake la asili, maana serikali ilishakataza majina ya watakatifu. Nyumbani alibaki Edouard, na hakuna aliyeona ajabu mtu kuwa hivi kwenye karatasi na vile kwa watu wake. Alikuwa fundi umeme mgodini, na kwa miaka tisa aliishi nyumba moja na Numbi, mwanamume mwenzake, mshonaji. Kambi nzima ya wafanyakazi ilijua, ikajifanya haijui, kwa sababu Numbi alishona vizuri. Hata pagne zetu, vitenge vya kucheza mbele ya wakubwa wa Chama, alizishona yeye.

Siku ya pili ya matanga Numbi alikuja na mkeka wake, akautandika karibu na wetu, mahali pa mjane. Wanawake wakanitazama. Naona haya hadi leo nikikumbuka nilivyosimama, mikono kiunoni, mimi Mama Bijou, mama mzima wa watoto wanne.

"Toka pale! Weye njo ulimufunga yaya wangu asioe, asizae. Ile maladi yako, peleka mbali na batoto betu!"

Numbi aliinama. Aliukunja mkeka polepole, kama anavyokunja nguo ya mteja, akaondoka. Shangazi akauliza nani atanyolewa basi. "Hapa hakuna mujane," nikasema.

Angesema hayo mtu asiyejua, ningemsamehe. Mimi nilijua. Zamani, mama alipotaka kumpeleka Edouard kwa mganga aondolewe uchawi, kaka aliniita nyuma ya jiko. "Nkandu, hakuna muntu alinifunga. Niko hivi tangu butoto. Haina maladi, haina bulozi. Weye unajua." Na katika wiki tatu za homa, aliyemwogesha na kumlisha uji kijiko kwa kijiko ni Numbi. Mimi nilifika mara mbili, na maji yao sikuyagusa. Nilikuwa nimetembea kutoka kwangu Ruashi kwenye jua la saa saba, eti sina kiu.

Jumapili iliyofuata Numbi aliingia kanisani, akakaa benchi la nyuma. Alikuwa amenyoa kichwa, tena vibaya: mikato juu ya masikio, na kisogoni kishungi kizima kimebaki. Jirani yangu Victorine akanigusa kwa kiwiko. "Angaria ule! Hata kunyoa hajue."

Nikacheka, mkono mdomoni, padri akiinua hostia. Kisha nikaelewa. Kinyozi yuko pale sokoni, lakini mjane haendi kwa kinyozi. Numbi alijinyoa mwenyewe, kwa sababu mkono uliopaswa kumnyoa ulikuwa huu huu niliojifunikia mdomo. Mkono wake haukufika kisogoni.

Jumatatu nilinunua wembe mpya, nikaenda Kasungami alikohamia, kwani nyumba ya kampuni ilisharudishwa. Nilimkuta kwenye cherehani.

"Numbi, nilisema bwongo mbele ya bantu. Na nilijua ni bwongo."

"Mi pia nilijua kama unajua. Edouard aliniambiaka."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwonyesha wembe. Akasimamisha cherehani.

"Mama Bijou, ulinifukuza mbele ya bantu. Sasa utaninyoa mu kificho?"

Nikasema hapana, aje kwangu Jumamosi, uani, watu wote waone. Niliapa kwa jina la kaka yangu.

Jumamosi akaja na mkeka. Akatandika katikati ya ua, akaketi, kofia mapajani. Wanawake wakaanza kusogea, mmoja na debe la maji kichwani, mwingine na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, wembe umefungwa kwenye ncha ya pagne yangu. Nilitoka mikono mitupu.

"Anangojea nini huyu?" Victorine akaniuliza.

"Sijue," nikasema.

Numbi aliinua macho. Aliniangalia kidogo tu, wala si kwa hasira, hasira ningeiweza. Kisha akamgeukia Victorine.

"Nilikuya kupima Mama Bijou. Anataka nimushonee robe."

Akatoa utepe mfukoni. Mbele ya wote akanipima mabega, akanipima kiuno, taratibu, kama kazi ya siku zote. Alipoinama kupima urefu kisogo chake kilikuwa chini ya macho yangu, na zile nywele, na wembe ulikuwa unanigusa tumboni. Nilisimama wima nikapimwa.